UZI: Mwili unanenepa na mfuko unakonda, wanawake wa Kisumu tuongelee hii kitu kwa ukweli

nyar_manyatta (mwenye uzi)

Hamjambo watu wa huku. Huu uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, lakini kama uko na mama ama dada ama bibi anayepambana na kilo naomba ukae usome. Mtaani kwetu Manyatta mtu akiona mama mnene husema moja kati ya mambo mawili, wazee watasema huyu ameshiba bwana yake ana pesa, vijana wa mitandao watasema huyu ni mvivu hajipendi. Mimi nimeuza sokoni na hawa wamama, niko nao kwa chama chetu cha kuweka pesa na kukopeshana, na nasema hao wote hawajaangalia vizuri.

Hesabu kwanza ndio tusibishane na hewa. KDHS ya 2022, ule utafiti wa afya ambao serikali hufanya nyumba kwa nyumba, ilipata wanawake 45 kwa kila 100 wa miaka 20 mpaka 49 wamepita uzito unaofaa ama ni wanene kabisa. Wanaume ni 19. Ya 2014 ilikuwa 33 na ya 2008-09 ilikuwa 25, ingawa hizo za zamani zilihesabu kuanzia wasichana wa miaka 15 kwa hivyo si sawa kabisa kuzilinganisha, lakini mwelekeo unajionyesha. Sasa niambieni, bwana na bibi wanakula sufuria moja, wanalala nyumba moja, mbona mwanamke ndiye ananenepa zaidi ya mara mbili? Kama ni uvivu basi uvivu umechagua wanawake tu?

Najua kuna mtu atakuja na hoja kwamba hapa Kenya ni matajiri ndio wanene. Ni kweli, hizo ripoti hugawanya watu kwa tabaka tano na ukipanda juu unene unapanda. Lakini ni nani wanaitwa tabaka la juu? Utajiri kwa KDHS haupimwi kwa pesa mtu anaingiza, unapimwa kwa vitu vya nyumba, kama iko na stima, sakafu ni ya nini, maji yanatoka wapi, kuna simu, kuna tivi. Mama anayekodi chumba kimoja Manyatta chenye simiti chini na balbu juu anaweza kuhesabiwa juu akiwekwa kando ya mtu wa Turkana, na huyo mama jioni anakopa unga. Mimi sisemi ni tajiri, sisemi ni maskini wa mwisho. Yuko pale katikati ambapo shilingi iko lakini ni ya leo tu, na hapo ndipo naona wanawake wananenepa kwa njia mbaya.

Nchi tajiri hiyo picha ilishageuka zamani. Marekani, takwimu zao za 2011 mpaka 2014, wanawake wa kipato cha juu asilimia 29.7 walikuwa wanene, wa kipato cha chini kabisa asilimia 45.2. Wanaume wao wa juu na wa chini walikuwa karibu sawa, kama 32 hivi wote. Kwa hivyo umaskini unamgonga mwanamke kwa mwili kwa njia haumgongi mwanaume. Kuna watafiti wa Brazil wakiongozwa na Carlos Monteiro waliangalia nchi zinazoendelea wakaandika 2004 kwamba unene huanza kuhamia kwa wanawake maskini nchi ikifika mapato ya dola 2,500 hivi kwa kila mtu kwa mwaka, na kwa wanawake unahama mapema kuliko kwa wanaume. Kenya tuko karibu dola 2,000. Yaani tuko mlangoni.

Na si umaskini peke yake, ni pengo pia. Richard Wilkinson na Kate Pickett wa Uingereza walichukua nchi 21 zilizoendelea, 2005 wakaonyesha kwamba mahali tofauti ya mapato ni kubwa ndipo watu ni wanene zaidi, na huo uhusiano ulikuwa na nguvu zaidi kwa wanawake. Kisumu hapa unatoka Milimani kwa wenye pesa unaingia Nyalenda kwa maskini kwa miguu, ni kuvuka barabara tu.

Sasa nieleze siku ya mama mmoja anayeuza soko la Kibuye, sitamtaja. Saa kumi na moja asubuhi ameshatoka, ameacha watoto na chai. Hajala. Saa tatu kuna mtu anapita na mandazi, anachukua mbili za kumi kumi na chai ya rangi yenye sukari nyingi, hiyo ndio inamshikilia. Anakaa chini kwenye gunia mpaka jioni, hawezi kuamka azunguke kwa sababu akitoka dakika tano mali inaibwa ama mteja anaenda kwa jirani. Choo cha kulipia kiko mbali kwa hivyo hanywi maji makusudi. Mchana ni chapo na maharagwe kama biashara imetembea, kama haijatembea ni chapo na chai. Anafika nyumbani saa mbili usiku, anapika ugali mkubwa juu watoto wamengoja, anakula mara ya kwanza chakula cha kushiba saa tatu usiku na analala saa tano. Mkimuuliza amekula nini leo atawaambia sijakula kitu, na hadanganyi, hivyo ndivyo anavyohisi.

Nataka kusikia wengine, hasa wanaofanya kazi hospitali.

omera_wa_boda

Dada nimesoma yote. Nitasema vile naona na usikasirike. Mamangu alizaliwa Seme, amekula ugali na samaki maisha yake yote na hajawahi kuwa mnene. Nyanya yangu hivyo hivyo. Hao hawakuwa na pesa kuliko wamama wa Kibuye. Kwa hivyo umaskini hauwezi kuwa ndio unaleta unene, kitu imebadilika ni watu wamependa vitu vya kukaanga na soda. Mimi nabeba wamama kila siku kutoka Kondele, hatua kidogo tu ambayo mtu angetembea anapanda boda. Nidhamu pia tuiongelee.

sista_wa_zamu

Omera heshima yako iko, lakini hebu tuangalie mama yako vizuri. Alikuwa analima, anateka maji, anatwanga, anatembea kwenda sokoni na mzigo kichwani, na huo ugali wake alikula na mboga za kienyeji kama dek na apoth, na samaki wa kuchemsha. Mama wa mjini ameondolewa shamba na kisima akawekwa juu ya gunia, ugali ukabaki, mboga ikapungua, mafuta yakaongezwa. Hapo nidhamu ya mtu mmoja inafanya kazi kidogo sana.

Mimi ni nesi, nimekaa kliniki ya presha na sukari hapa Kisumu miaka mingi, na naongezea mambo ambayo watu hawaambiwi.

La kwanza ni mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu moja ya wanga ama protini ina 4. Kijiko kimoja cha mezani ni kama kalori 120. Mafuta mengi tunayopikia Kenya yanatokana na michikichi ya Malaysia na Indonesia, na yamekuwa njia ya bei nafuu ya kumjaza mtu tumbo. Anayetengeneza chapo za kuuza anajua mafuta ndiyo yanafanya mteja arudi. Kwa hivyo ukiwa na hamsini mkononi na njaa ya tangu asubuhi, kitu cha kukaanga ndicho kinakupa nguvu nyingi kwa hiyo hamsini, na mtu wa njaa anachagua sawa kabisa kwa hesabu ya leo. Shida ni kwamba hiyo hesabu ya leo inarudiwa kila siku.

La pili ni utotoni. Mtoto aliyekosa chakula tumboni mwa mama ama miaka ya kwanza, mwili wake unajifunza kuweka akiba. Uholanzi walipitia njaa kali mwisho wa vita, 1944 kuingia 1945, na wanawake waliotungwa mimba wakati huo walipopimwa wakiwa na miaka 50 walikuwa na uzito zaidi ya wenzao. Sasa leta hapa kwetu. KDHS ya 2014 watoto 26 kwa kila 100 walikuwa wamedumaa, ya 2022 wakawa 18, imeshuka na ni vizuri, lakini waliodumaa miaka ya nyuma zaidi ndio wamama wa leo. Kliniki mimi naona mama mfupi, uzito mkubwa, presha juu, na amebeba mtoto ambaye kadi yake inaonyesha amedumaa. Nyumba moja. Watu wanashangaa inawezekanaje, inawezekana kwa sababu chakula cha kujaza tumbo kiko na chakula cha kujenga mwili hakiko, mtoto hakui na mama ananenepa.

La tatu ni usingizi. Mtu akilala masaa matano kila siku homoni ya njaa inapanda na ya kumwambia ameshiba inashuka, hiyo si tabia, ni mwili. Na mawazo ya kodi na fees yanafanya mafuta yakae tumboni. Mwanamke mwenye kiuno cha kupita sentimita 88 yuko kwa hatari kubwa hata kama mikono na miguu ni ya kawaida, kwa hivyo pima kiuno, usitegemee mizani pekee.

Na kuna uzazi. Kilo za mimba ya kwanza hazijatoka ya pili imeingia. Baadhi ya wanawake sindano ya miezi mitatu huwaongezea uzito, si wote. Ukiona hivyo usiache kienyeji, rudi kliniki ubadilishiwe njia, ni haki yako.

mke_wa_webuye

Mimi niko Bungoma upande wa Webuye na nakubaliana na sista. Huku kijijini wamama wengi ni wembamba, na si kwamba tuna nidhamu, ni jembe. Dada yangu alitoka hapa akaolewa Kisumu, ndani ya muda mfupi akawa mwili mwingine kabisa na akaanza dawa za presha kabla ya miaka arobaini. Nilipomtembelea nikaelewa. Hapa nikitaka mboga naenda nyuma ya nyumba nachuma kunde, mrenda, lisaka, hakuna senti imetoka. Yeye ananunua kila jani. Halafu mboga ya kienyeji inataka muda, kuchambua, kuosha mara mbili tatu, wengine wanachemsha na maziwa walale nayo ndio uchungu utoke, na hiyo ni makaa ama gesi inaenda. Sukuma na kabeji unakaanga na mafuta dakika kumi umemaliza. Kwa hivyo kile kilikuwa chakula cha maskini kwetu, kule mjini kimekuwa cha mtu mwenye nafasi. Nimeona hoteli kubwa wanauza osuga, hiyo managu, na kuku wa kienyeji bei ya kutisha na wanaokula hapo ni watu wa ofisi na magari.

kaptembwo_kwetu

Salamu kutoka Nakuru. Huku ni jiji siku hizi tangu Desemba 2021 lakini Kaptembwo na Rhonda maisha ni yale yale. Mimi niliwahi kufanya kibarua kwa mashamba ya maua upande wa Naivasha, kwa grinihausi unasimama kutwa nzima, huwezi sema hao wamama ni wavivu. Lakini kusimama si mazoezi, miguu inavimba na kilo zinapanda tu. Ukitoka jioni kwa basi la kampuni ukishuka stendi kitu kinakungoja pale ni chipsi, smoki, mayai ya kuchemsha, na uko na mtoto mgongoni na giza limeingia. Kupika kunataka uwashe jiko saa moja usiku. Watu wananunua chipsi za hamsini wanagawana watatu na wanalala.

Halafu kitu hakijatajwa ni soda na juisi za kuchanganya. Soda ya nusu lita iko na sukari kama gramu 50, hiyo ni vijiko vya chai kumi na mbili hivi. Pale kibaruani mtu anakunywa soda na mkate ndio chamcha. Maji safi ya chupa yanakaribia bei ya soda, kwa hivyo mtu anaona bora soda ina nguvu.

nyar_manyatta

Asanteni sana. Omera nikujibu hiyo ya boda. Umesema hatua kidogo ambayo angetembea. Mama anayetoka Kondele saa mbili usiku na pesa ya biashara kwa kiuno hawezi tembea kupita zile njia zisizo na taa, wewe mwenyewe unajua ni nani wameporwa pale. Hiyo nauli anakulipa si ya kukwepa mazoezi, ni ya kufika nyumbani salama. Watu wa Milimani wanatembea jioni na viatu vya kukimbia kwa sababu barabara zao ni pana, zina miti, zina taa na askari kwa kila geti. Mazoezi ya bure yako, lakini ni ya bure mahali ambapo usalama umeshalipiwa.

Na tuongelee mgongo wazi, yale mabaki ya samaki ya kukaanga, juu naona hakuna ameitaja. Wale mnaojua Obunga mnajua. Mbuta anavuliwa ziwani, anapelekwa kiwandani, minofu inakatwa inapakiwa barafu inaenda Ulaya na kwingine, kinachobaki ni kichwa na mifupa yenye nyama kidogo ya kushikilia. Hayo mabaki ndiyo wamama wa Obunga wananunua, wanaanika, wanakaanga kwa karai kubwa mpaka yakauke kau, wanatuuzia. Nimekaa kando ya hilo karai. Mafuta yale ni meusi, yanatoa povu, yamekaangiwa jana na juzi, yanaongezwa tu juu, kwa sababu kuyamwaga ni kumwaga faida yote ya siku. Moshi unaingia machoni mwa huyo mama tangu asubuhi. Ni chakula kitamu na kimelea watoto wengi wakiwemo watu wanasoma huu uzi, sitakidharau kamwe. Lakini angalieni vile pengo linafanya kazi, samaki ni wetu, nyama inaenda kwa mwenye pesa, mfupa na mafuta yaliyochoka yanabaki kwa mwanamke wa Obunga, halafu akinenepa na kupata presha anaambiwa ajipende.

wa_milimani_kimya

Nimesita kuandika kwa sababu mimi ndiye huyo wa viatu vya kukimbia mnayemwongelea. Naishi Milimani, niko na jimu, niko na friji imejaa matunda, na nilipungua kilo baada ya mtoto wa pili bila shida kubwa. Nilikuwa najiambia ni bidii. Msichana anayenisaidia kazi nyumbani ametoka Vihiga, tuko rika moja karibu, na mwili wake umeongezeka tangu aje kwangu. Anaamka kabla yangu aandae watoto, analala baada yangu, anakula kilichobaki kwa sahani za watoto amesimama jikoni. Mimi ninapoenda kukimbia saa kumi na moja na nusu jioni yeye ndiye ameshika mtoto. Hayo masaa yangu ya mazoezi ni masaa yake. Kusema ukweli sikuwa nimeunganisha hivyo kabla ya kusoma post ya kwanza. Tumeongea jana na sasa ana siku nzima ya kupumzika kwa wiki pamoja na masaa mawili ya mchana ambayo hakuna mtu anamwita, na anakula mezani kwa wakati wake. Naandika hii ili wanawake wenzangu walioajiri waangalie nyumba zao.

sista_wa_zamu

Wa Milimani asante kwa kusema hadharani. Wengi hawataki kuangalia hapo.

mama_wa_siaya

Naomba mnisikize mimi kama mama yenu maana nyinyi wengi ni watoto. Kuna jambo kubwa huku Nyanza ambalo vitabu vya kizungu haviwezi kuwaambia. Miaka ya tisini kuingia 2000 na kitu, huku kwetu kukonda kulikuwa kifo. Tulizika. Boma moja unazika mtoto leo na mkwe kesho. Mtu akipungua kidogo tu, hata kama ni malaria ama mawazo, kijiji kinaanza kunong'ona, watu hawanunui mandazi yake tena, mashemeji wanaanza kuhesabu mali. Dawa za ARV zilipokuja kwa wingi baada ya 2003, 2004, tuliona watu wananenepa wanarudi kuwa watu, na kunenepa kukawa ndio ushahidi kwamba mtu amepona. Mimi mwenyewe nilikuwa nashukuru Mungu nikiona binti yangu anajaza nguo.

Sasa mnataka mjane wa Siaya ambaye aliuguza bwana mpaka akazika, aambiwe na daktari kijana punguza kilo ishirini. Anaogopa. Si ujinga. Anajua vile watu watamwangalia akikonda, anajua chama kinaweza kukataa kumkopesha kwa kudhani anakaribia kwenda. Mwili wake mkubwa ndio dhamana yake. Mwanamke tajiri akikonda watu wanasema amefanya daieti, huyu wetu akikonda wanauliza ameanza lini kuumwa. Hapo pia kuna tofauti ya tabaka, na msiipite haraka.

nyar_manyatta

Mama umenitoa machozi. Nilikuwa mtoto mdogo wakati huo lakini matanga nayakumbuka. Hii ya chama kukataa kumkopesha aliyepungua nimeiona kwa macho yangu, hata mwaka jana.

omera_wa_boda

Mama wa Siaya erokamano, hiyo imeniingia. Na dada hiyo ya taa ni kweli, hiyo njia mimi pia nikiwa na pikipiki naogopa.

Lakini bado nina swali moja na ni la nia njema. Mke wangu amefika kilo 96 na ni mfupi, magoti yanauma, hospitali wamesema presha inaanza. Pesa yangu ni ile ya boda, siku nyingine mia tano siku nyingine mia mbili. Haya mambo ya pengo na Ulaya ni ya ukweli lakini hayatabadilika kabla ya Jumatatu. Nifanye nini na hiyo mia tano?

sista_wa_zamu

Omera hili swali ni zuri na nashukuru limetoka kwa mwanaume, kwa sababu majibu mengi yako kwako wewe kuliko kwake.

Mafuta msinunue ya kupima kila jioni. Mkinunua ya kupima mnamimina yote kwa sababu ni kidogo na yameisha kwa mkono. Changa ununue chupa, mpike kwa kijiko, vijiko viwili kwa sufuria ya familia, na siku tatu kwa wiki chakula kichemshwe. Omena, hao dagaa, ni chakula kizuri mno, protini yake na kalsiamu ni ya juu na bei iko chini ya nyama, lakini isikaangwe mpaka iogelee. Osha na maji moto, kausha kwa sufuria kavu, weka nyanya na kitunguu, kijiko kimoja cha mafuta, funika.

Yeye ale asubuhi. Najua inaonekana kinyume, mtu mnene aambiwe ale asubuhi, lakini wamama wengi wanaokuja kwangu hawali mpaka mchana na usiku wanakula mlima. Uji wa wimbi ama mtama bila sukari nyingi, ama nduma, ama viazi vitamu na maharagwe ya jana. Chai sukari ipunguzwe polepole, kijiko kimoja wiki hii, nusu wiki ijayo. Ugali upungue theluthi na mboga ipande juu, ubakie ugali lakini mboga ndiyo ijaze sahani.

Sasa yako. Wewe uko na pikipiki, mpeleke sokoni asubuhi mboga ikiwa freshi na bei ya jumla. Jioni watoto waoshe sahani na wewe uchambue mboga. Ndio, wewe. Akipata nusu saa hapo, mtembee naye, wewe ukiwa kando yake ile njia haina shida. Akipunguza kilo tano tu kati ya hizo 96 presha na magoti yatasikia, asiambiwe ishirini. Na dawa ya presha akiandikiwa asikose, hata akijisikia mzima. Mambo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, hakikisheni mmelipa, najua mtu wa biashara ndogo kulipa mwaka mzima kwa mara moja ni mzigo, hata kiwango cha chini cha mia tatu kwa mwezi ni 3,600 zitoke siku moja. Weka kwa chama pole pole.

mke_wa_webuye

Naongezea, kama mko na hata kipande kidogo nje ya nyumba pandeni osuga na sukuma kwa gunia la udongo. Gunia moja mkilimwagilia maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi linalisha watu wawili watatu.

omera_wa_boda

Kuchambua mboga nitachambua. Gunia nitatafuta kesho, kuna mtu Mamboleo anauza udongo mzuri.

kaptembwo_kwetu

Swali kwa wa Kisumu, hizo taa na choo cha soko mnaulizia wapi? Huku Nakuru tulienda baraza la maoni ya bajeti tukajikuta wanaume watupu, wamama walikuwa sokoni wanauza.

nyar_manyatta

Hiyo ndiyo kazi nataka tufanye. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka kila kaunti ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na wananchi lazima wasikizwe. Shida ni ile kaptembwo amesema, wanaita mkutano Jumanne saa nne asubuhi, na Jumanne saa nne mama wa omena akienda mkutanoni amepoteza siku. Kwa hivyo chama chetu tumekubaliana kuandika, si lazima uende, maoni ya maandishi yanapokewa. Tunaomba vitu vinne, taa kutoka Kondele mpaka ndani ya Manyatta, choo cha soko kisilipishwe kwa mwenye kulipa ushuru wa kila siku, maji ya kunywa pale pale sokoni, na chumba cha watoto ili mama asiuze na mtoto mgongoni kutwa. Mtu akiuliza hayo yanahusiana vipi na unene mpeni huu uzi asome.

Sista, tukikuletea wamama wa chama wote siku moja, unaweza kuja na kamba ya kupima kiuno na mashine ya presha? Tunakutana Jumapili jioni baada ya soko, nyumbani kwa mweka hazina.

sista_wa_zamu

Jumapili niko huru kuanzia saa kumi na moja. Mashine ninayo yangu. Waambie wasinywe chai ya rangi kabla nifike, inapandisha presha kidogo, na wakae chini dakika tano kwanza kabla nipime. Mama wa Siaya kama uko karibu ukuje pia, wewe ongea nao hiyo ya kukonda kabla mimi sijafungua mdomo.

mama_wa_siaya

Nitakuja na matatu ya saa tisa. Nitabeba nduma.